Kufufua Pikapu Kuukuu: Kibanda Kwanza, Injini Baadaye

Nyuma ya nyumba nyingi katika viunga vya Kampala, na kadhalika Masaka, Mbarara na Gulu, mpita njia huweza kuona pikapu ya Land Rover iliyolala kwa miaka. Tairi zimezama ardhini, kuku anatagia chini ya kiti, na mtoto mdogo amekamata usukani akiliendesha gari kwa sauti ya mdomo. Aghalabu mwenye gari hilo ni askari aliyestaafu, au anayekaribia kustaafu. Ujanani alipanda gari la namna hiyo katika doria, akalisukuma penye matope, akalala chini ya turubai lake; na siku lilipouzwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu hakuweza kuliacha lichukuliwe na mwingine. Nia yake ya kulifufua si ya kuchekwa. Hata hivyo, magari mengi yanayofunguliwa kwa furaha hayafungwi tena, na fedha za kiinua mgongo zilizoingia humo hazitoki.

Sababu yake mara chache huwa ni ukosefu wa ujuzi. Jeshi na polisi wamewafunza watu wengi ufundi wa magari, na fundi wa mtaani aliyezoea Land Rover hajaadimika. Kinachokosekana ni mahali pa kufanyia kazi na utaratibu wa kuifuata. Mtu huanza na injini kwa kuwa injini hunguruma, kisha huenda kwenye rangi kwa kuwa rangi huonekana. Mvua za Machi zikija, humkuta giaboksi iko wazi chini ya mwembe, nati zimechanganyika na misumari katika kopo moja, na chini ya bodi inayong'aa chasisi imeoza kama gogo lililoliwa na mchwa.

Gari lenyewe lastahili heshima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alitaka gari la shamba litakalofanya kazi ya trekta na ya lori dogo kwa pamoja. Baada ya vita chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mabamba ya aluminiamu, yakakunjwa kwa mistari iliyonyooka ili kusihitajiwe mitambo ya ghali ya kuyafinyanga. Umbo lile la kisanduku, basi, lilizaliwa na dhiki wala si na mtindo. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, likafanyiwa marekebisho mwaka 1961. Toleo la tatu lilianza 1971 na kuendelea hadi 1985. Pikapu inayozungumzwa hapa ni ile ndefu ya inchi 109, yaani karibu mita 2.77 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Tangu miaka ya 1970 Land Rover ziliunganishwa pia katika kiwanda cha Thika, nchini Kenya, na hata leo mwenye kutafuta kipuri kilichokosekana Kampala hutuma mtu Nairobi, katika maduka ya barabara ya Kirinyaga.

Watu husikia kwamba Land Rover haishiki kutu, nao hudanganyika. Isiyoshika kutu ni aluminiamu. Chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo ni mfano wa sanduku refu lililochomelewa, tupu kwa ndani, ambamo tope na unyevu hukaa miaka na miaka. Huoza kutoka ndani kuja nje, hata jicho lionapo tundu la kwanza, ugonjwa umekwisha kuwa wa zamani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, mnunuzi achukue nyundo ndogo na bisibisi, alale chini ya gari, agonge. Chuma kizima hujibu kwa mlio. Kilichokufa hutoa kishindo kizito kama debe lenye mchanga. Agonge boriti ya nyuma kabisa, kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kuishika bodi chini ya milango, kisha mahali springi zinaposhikizwa. Baada ya hapo aingie ndani, ainue mpira wa sakafuni, na kuutazama ukuta unaomtenga dereva na injini, hasa pale miguu inapokaa na chini ya bawaba za milango. Ukuta huo nao ni wa chuma, na kuutengeneza hata milango ifunge sawasawa ni kazi ya fundi stadi. Ikiwa boriti ya nyuma peke yake ndiyo iliyooza, biashara ni nzuri, kwani hukatwa na kuwekwa mpya. Ikiwa chasisi imetoboka mahali panne au patano, na viraka vimebandikwa juu ya viraka, gari hilo linafaa kununuliwa kwa ajili ya vipuri tu, na kwa bei ya vipuri.

Namba ya chasisi imegongwa mbele, upande wa kulia, penye kishikizo cha springi. Ilinganishwe na kitabu cha gari kabla ya fedha kutolewa. Askari wa polisi hahitaji kuambiwa maana ya namba isiyosomeka, au ya chuma kilichokatwa na kuchomelewa mahali pale. Ni swali litakalomfuata mnunuzi mpaka ofisi ya usajili, na huenda likamfuata hata zaidi ya hapo. Fundi naye aonywe asikisage kipande hicho kwa grainda akidhani anaondoa kutu. Gari lililotoka katika utumishi lifutwe alama zote za jeshi au za polisi, na karatasi za mnada zihifadhiwe pamoja na hati za kiwanja.

Baada ya kulipata gari, lisiguswe kwanza. Fedha za mwanzo ziende katika kibanda.

Pikapu hiyo ina urefu wa mita 4.4 hivi, upana wa mita 1.7, na kimo kinachozidi mita 2 kidogo. Ili mtu aweze kuizunguka akiwa na spana mkononi na milango imefunguliwa, kibanda kisipungue mita 7 kwa 4, na mwanya wa mlango uwe na kimo cha mita 2.5. Kuta za matofali si lazima. Nguzo, paa la mabati na sakafu imara vyatosha kwa kuanzia. Kuta zaweza kungoja mshahara mwingine. Sakafu haiwezi kungoja, kwa kuwa jeki iliyosimamishwa juu ya udongo huzama polepole bila ya mtu kuona, na gari hili lina uzito wa tani moja na nusu.

Sakafu ya ukubwa huo, yenye unene wa sentimita 10, ni zege ya mita za ujazo 2.8. Kwa mchanganyiko wa sementi moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni mifuko 18 au 20 ya kilo 50. Chini yake yashindiliwe mawe, na juu yake uachwe mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji na oili visisimame. Zege inyweshwe maji kwa siku 7 mfululizo, na gari lisipandishwe kabla ya siku 28 kutimia. Mtu aliyengoja miaka ishirini kupata gari hashindwi kungoja wiki nne.

Katika paa viwekwe vipande viwili au vitatu vya bati lipitishalo mwanga, na pande mbili zinazokabiliana ziachwe wazi kwa juu ili hewa ipite. Hili si suala la starehe. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu aliyejifungia akisikiliza kama mlio wa injini umetulia. Meza ya kazi iwe na kimo cha sentimita 90 hivi, na jiliwa lake lifikie kiwiko cha mwenye kulitumia. Umeme uingizwe na fundi wa umeme, wala si kwa waya uliovutwa kutoka balbu ya sebuleni.

Wengi hutamani shimo la kukagulia gari, kama yalivyo katika karakana za kambini. Nyumbani shimo hilo ni tamaa isiyo na faida. Mvua hulijaza, mbu huzaa humo, mtoto hutumbukia usiku. Zaidi ya hayo, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia shimoni kama maji, ukingoja cheche ya taa au ya grainda. Land Rover imejengwa juu ya ardhi, na fundi aliyelala juu ya turubai hufika karibu kila mahali bila ya kuchimba kaburi.

Hatari kubwa kuliko zote haiko shimoni. Iko katika breki ya mkono. Katika magari mengi breki hiyo hukamata magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover hizi sivyo: dramu yake iko nyuma ya giaboksi, nayo hukamata shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Maana yake ni kwamba gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu hulipa uhuru wa kuzunguka, na gurudumu la pili lililobaki chini huwa huru vilevile. Gari huondoka juu ya jeki ilhali breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Aliyezoea magari mengine hawezi kulidhania jambo hili mpaka limpate. Basi kabla ya jeki kuguswa, magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari za mti, mbele na nyuma. Gari likishainuliwa, chasisi au ekseli ipumzishwe juu ya stendi za chuma. Mafundi wa Katwe hutengeneza stendi nzuri, lakini mnunuzi akague maungio yake moja moja. Gogo nene la mti mgumu nalo hufaa. Tofali halifai kamwe, kwa sababu halitoi onyo; hupasuka mara moja.

Hapa jamaa ya mwenye gari ina neno. Mama wa nyumba ana haki ya kuuliza petroli itakaa wapi, na jibu lisiwe jikoni wala chini ya kitanda. Petroli, maji ya betri na oili ya breki visitiwe katika chupa za soda hata kwa saa moja, maana mtoto mwenye kiu hatazami rangi. Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwepo mlangoni. Watoto wakubwa hawana sababu ya kufukuzwa: kijana anayejua kuandika apewe daftari na makopo, na kila kitu kinachofunguliwa kichorwe, kipewe jina na kuwekwa katika kopo lake. Miezi sita baadaye daftari hilo litakuwa na thamani kuliko seti ya spana.

Kazi yenyewe huanza na chasisi. Kitanda cha pikapu kiondolewe, kisha viti na matangi ya mafuta. Katika gari hili tangi limo chini ya kiti cha mbele, na chasisi inayochomelewa ipo kando yake. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio ulipukao. Litolewe na kupelekwa nje, mbali na kibanda, na betri ifunguliwe waya zake. Mchomeleaji anayesema kwamba atafunika tangi kwa gunia lililolowa atafutiwe kazi nyingine.

Chasisi iwekwe juu ya stendi nne zilizo sawa kimo, na kabla ya kukata chochote ipimwe kwa kamba kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, haijapinda. Vipimwe tena baada ya kila boriti mpya, kwani moto wa kuchomelea huvuta chuma. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye chuma kizima. Kiraka kilichowekwa juu ya kutu huficha ugonjwa tu. Ndani ya sanduku la chasisi ipulizwe nta au oili safi. Ile desturi ya kupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka injini iachwe: huozesha mipira ya springi, huchafua udongo wa kiwanja, nayo ina madhara kwa ngozi ya anayeipaka.

Baada ya chasisi zifuate springi na breki, si injini. Gari lijifunze kusimama kabla halijajifunza kwenda. Nyingi kati ya Land Rover hizi zina mkondo mmoja tu wa breki, yaani bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Basi mabomba yote ya chuma, ya mpira na mipira ya silinda ibadilishwe, bila ya kujali kwamba ya zamani "bado yanaonekana mazima". Vumbi lililo ndani ya dramu za zamani huenda likawa la asbesto, ambayo huharibu mapafu polepole. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kizikwe. Kwenye ekseli ya mbele yatazamwe mabakuli ya mviringo yanayozungukia magurudumu. Yakiwa yamechunwa na kutu, sili mpya itavuja wiki ile ile, na fedha ya sili itakuwa imepotea.

Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ni mvumilivu kuliko dereva wake. Iliyokaa miaka isiwashwe kwa papara. Plagi zitolewe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, iachwe usiku mmoja, kisha izungushwe kwa mkono. Ile hendeli ya mbele iliwekwa kwa kazi hiyo. Mwenye kuishika aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwani injini ikirudisha teke, gumba lililozunguka chuma huvunjika. Mfuatano wa moto ni 1-3-4-2. Nafasi ya valvu ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, na watu wengi walioambiwa kwamba injini imekufa wangeridhika kama wangepima hiyo, wakasafisha kabureta na kuweka kondensa mpya. Kuhusu nyaya, gari lililotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi aghalabu lina ncha chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Fundi kijana asiyejua hilo huunguza altaneta mpya kwa dakika moja.

Bodi na rangi huja mwisho. Pale aluminiamu inapogusana na chuma, unyevu huzaa unga mweupe unaoila aluminiamu. Kati yake ipakwe rangi nzito au iwekwe ngozi nyembamba ya mpira. Pembe za kitanda zimefunikwa kwa chuma chenye zinki, na moshi wa zinki ukichomelewa humpa fundi homa ya usiku. Zinki isagwe kwanza, na kazi ifanywe penye upepo.

Baada ya hayo yote, lisemwe wazi jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Pikapu hii hunywa lita moja kwa kila kilomita 5 au 6. Kwa kuchukua ndizi kutoka Masaka hadi Kampala kila siku, haiwezi kushindana na pikapu ya dizeli ya Kijapani, na mstaafu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba kwa matumaini hayo atalipa mkopo kutoka katika pensheni. Mahali pake ni shambani, katika njia ambayo gari jingine halipiti mvua inaponyesha: kuleta matofali, maji na kuni, kupeleka maziwa barabarani, kumchukua mgonjwa usiku. Mume na mke wakae pamoja kabla ya kazi kuanza, waandike katika daftari kiasi ambacho gari halitavuka, na ada za shule zitengwe kwanza. Kiasi kikifikiwa kazi isimame, gari libaki juu ya stendi zake, chini ya paa, bila ya hasara. Hiyo ndiyo faida ya kibanda: gari lililo mahali pakavu laweza kungoja mwaka mzima.

Siku litakapotoka, safari ya kwanza iwe fupi, bila ya mzigo, katika barabara tambarare. Baada ya kilomita chache dereva asimame na kuweka kiganja karibu na kila dramu; iliyo moto kuliko wenzake, breki yake imekaza. Baada ya kilomita 800 oili ya injini imwagwe, bolti za kichwa cha silinda na zile zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe upya, na chini ya chasisi kigongwe tena kwa nyundo ile ile.